Picha ya Kamba na Koti la Mlinzi

Nasikia ninyi vijana mlioachiwa meza yangu ya fremu pale Doornfontein mmeanza kubandika nguo kwa gundi ya kupuliza. Habari hizo zimenifikia nyumbani Rosettenville, ninakouguza bega, na zimenifanya niwashe kompyuta kabla sijanywa chai. Sikuja kuwagombeza. Nimekuja kuwaeleza kwa nini jambo hilo halitafanyika kwenye meza ile nikiwa hai, na nikifa nitarudi kukagua.

Kwanza mjue anayesema nanyi. Mimi ni mtu wa Tanga mwenye shahada ya historia, niliyekuja Johannesburg kuendelea na masomo ya juu. Masomo yaliendelea, ila mimi nikabaki nyuma. Mfadhili aliponichoka nikaingia kwenye karakana ya fremu ya Mreno mmoja, mzee Tavares, kuomba kazi. Nilidhani nitakuwa nasimama mbele nikizungumza na wateja juu ya sanaa. Akanipa ufagio. Nilipouzoea ufagio akanipa msumeno, na hapo shahada yangu ikanifaa kwa mara ya kwanza: niliweza kueleza kwa ufasaha mkubwa kwa nini kona zangu hazikutani.

Fremu ina kona nne. Tatu zikikaa vizuri, ya nne ndiyo itakayokuumbua mbele ya mwenye picha. Enzi zetu tulipima kwa uzi, kwa mshazari kutoka kona hii hadi ile inayoitazama, kisha kwa kukatisha kona mbili zilizobaki. Nyuzi mbili zikilingana, fremu imenyooka. Ninyi mna mashine inayokata pembe yenyewe na kuimba ikimaliza. Sina ugomvi nayo. Lakini uzi upo kwenye msumari karibu na dirisha, na hauhitaji umeme. Siku umeme ukikatika mtanikumbuka.

Makosa yangu mengine hayakuumiza mtu. Niliwahi kufunga ndoano juu-chini kwenye mchoro wa rangi tupu wa mhadhiri mmoja wa chuo kilicho jirani yetu. Nilipogundua, alikuwa ameshautundika. Akanipigia simu kuniambia kwamba kwenye fremu yangu mchoro umekomaa. Nikamshukuru. Kunyamaza nako ni sehemu ya ufundi, ingawa Tavares hakunifundisha hilo. Yeye alipenda kusema.

Kuna pia Mzanzibari mwenye spaza, kiduka cha mtaani, kule Diepsloot aliyeniletea kalenda iliyokwisha muda wake. Alitaka niiwekee kioo kwa sababu ya picha ya Forodhani iliyokuwa juu. Nikamshauri tukate sehemu ya tarehe. Akasema hapana, wateja wakiuliza leo ni tarehe ngapi yeye anataka awe na kitu cha kuwaonyesha. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananitania.

Tavares alikuwa na sheria moja, aliyoisema kwa Kiingereza chenye mbegu za Kireno ndani yake: picha si yako. Chochote unachokifanya leo, mtu mwingine aweze kukifumua kesho, na kitu kitoke kama kilivyoingia mlangoni. Aliwahi kunionyesha shela ya harusi ambayo karakana nyingine ilikuwa imeibandika kwa gundi. Mwenyewe alitaka kumpa binti yake aivae. Tuliijaribu kwa mvuke na kwa kisu chembamba, ikatoka vipande vipande kama ganda la muhogo uliochemshwa. Tavares alivikusanya kwenye sahani, akampelekea yule mama mwenyewe, hakunituma mimi. Aliporudi hakula mchana.

Sasa niingie kwenye jambo lililonikalisha hapa.

Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka 2017. Tavares alishastaafu, na karakana nilikuwa naiendesha mimi. Akaja dada wa makamo anayeitwa Luz, mwalimu wa piano aliyezaliwa Manila. Alileta nakala ya picha kubwa ya kwao, karatasi yenye upana wa mikono yangu yote miwili nikiinyoosha. Inaitwa Spoliarium. Nilikuwa nimewahi kuiona kitabuni, kwa hiyo, kwa bahati mbaya, nilikuwa na la kusema.

Picha yenyewe iko hivi. Ni chumba cha chini, chini ya uwanja wa michezo wa Roma ya kale. Watumwa waliouana juu ili watu wafurahi wanaburutwa sakafuni kwa kamba, wameshakufa, wakavuliwe walichonacho. Kushoto kuna watu wanaosukumana kutazama na kungojea vitu. Katikati ni maiti na wanaoziburuta. Kulia ni giza. Na ndani ya giza hilo mzee mwenye taa anatafuta mtu wake, na mwanamke ameanguka chini, ametugeuzia mgongo.

Luz alitaka kuitundika kati ya piano na dirisha, na ukuta haukutosha. Mimi nikampa suluhisho la kifundi: tuufunike upande wa kulia chini ya kadi ya pambizo, ile inayoizunguka picha ndani ya fremu. Kule ni giza tu, nikamwambia, hakuna kinachotokea. Kisha nikamweleza habari za Roma. Nikamweleza asili ya jina la picha kwa Kilatini. Nilimweleza mtu wa Manila picha ya Manila kwa muda ambao ungetosha kukata fremu nzima.

Aliningoja mpaka pumzi zikaniishia. Kisha akasema, kwa upole wa mtu aliyezoea watoto wanaobonyeza nota isiyo yake, kwamba mchoraji alikuwa Mfilipino, na kwao kulikuwa chini ya Hispania wakati ule. Alichora Roma, akaipeleka Madrid, na Wahispania wakampa nishani ya dhahabu.

“Hawakujiona humo,” akasema. “Sisi tulijiona siku ileile.”

Nikamuuliza nani aliwaambia, maana mchoraji hakuandika popote kwamba hii si Roma. Akasema anayeburutwa haambiwi. Bibi yake alimfundisha namna ya kuitazama: usianze na maiti, maana ukianza na maiti utalia na kwenda zako nyumbani. Anza na kamba. Ishike kwa macho, uifuate, uone imeishia mikononi mwa nani. Na ukimaliza kamba, nenda kwa yule mwanamke wa gizani, kwa sababu yeye peke yake ndiye anayejua jina la aliyekufa.

“Ukimfunika huyu,” akasema, “utanirudishia picha ya bucha.”

Nikamuuliza basi tufanyeje na ukuta. Akasema piano ndiyo itakayosogea.

Nikaifanya nzima, giza lote. Nilipokuwa nangoja kioo kikubwa kiletwe, nikaiegemeza ukutani mkabala na meza, na kila nilipoinua kichwa nilikuwa nafuata kamba. Mikono iliyoishika ilinisumbua. Wale waburutaji wana migongo ya watu wa kazi. Ni vibarua. Zamu yao ikiisha nao wataenda nyumbani wakanawe.

Wiki hiyohiyo akaingia Mama Furaha. Ni mtu wa Bukavu, ana saluni ndogo huku Rosettenville, na ndiye anayemsuka mke wangu. Mumewe, Papa Furaha, alikuwa mlinzi wa ghala moja mtaa wa tatu kutoka karakana yetu. Wezi wa nyaya walimpiga risasi getini. Tulikuwa tumemzika Jumamosi iliyotangulia.

Alikuwa na mfuko wa plastiki. Akatoa koti la ulinzi, jeusi, zito, lenye mistari inayong'aa na nembo ya kampuni kifuani. Mumewe alikuwa na makoti mawili. Alilokuwa amevaa lilichukuliwa na polisi, na hili lilikuwa limebaki kwenye kamba ya nguo.

“Papa Rama,” akaniambia, “munafungaka majezi ya watu wa mupira mu vioo. Na hii mutafunga?”

Nikamuuliza kwa nini.

“Yeye alisimama mu mulango miaka saba. Hakuna mwenye alimupigia makofi.”

Halafu akanieleza lililobaki. Kampuni ilikuwa inalitaka koti. Kila mlinzi anapewa sare na kila sare inarudi. Jumatatu, siku mbili tu baada ya mazishi, walimtuma msimamizi wa zamu aje kulichukua, na huyo msimamizi ni Papa Déo, Mkongomani mwenzao, wa Bukavu hukohuko, ambaye Jumamosi alikuwa amebeba jeneza begani. Alisimama mlangoni pa wafiwa akatazama viatu vyake na kusema alichotumwa.

Ili mlielewe kosa, mjue desturi. Kwao, kama kwetu Tanga, nguo za marehemu hazitolewi matanga yakiwa bado. Zinakusanywa mahali pamoja na hazivaliwi. Siku ya kumaliza matanga, ambayo sisi tunaita kuanua na wao wanaita kutosha, yaani kutoa, wazee hukaa na mjane hutaja nani achukue nini. Kabla ya siku hiyo, kuchukua hata soksi ni kumvua maiti.

Mimi nikafanya walichonifundisha chuoni. Nikamwambia kwamba kisheria koti ni mali ya kampuni, nembo inaonekana wazi, na pengine ingefaa tuwaandikie barua nzuri. Nilianza hata kuitunga.

“Papa Rama,” akasema, “sikukuya kuomba barua. Nilikuya kuomba sindano.”

Nikachukua sindano.

Sasa sikilizeni, maana hii ndiyo kazi. Nguo nzito haining'inizwi mabegani pekee, itajivuta na kukunja uso. Unaijaza karatasi laini nyeupe kwenye kifua na mikono, kidogo, isije ikafanana na mtu aliyenenepa baada ya kufa. Unaitandaza kwenye kadi ngumu. Unapitisha sindano mpaka ndani ya kadi, palepale kiwanda kilipopita, kwenye tundu zilizokwishatobolewa, ili usiongeze jeraha. Mshono uwe mrefu, mlegevu, wa kushika bila kubana. Kisha unaweka vipande vya mbao pembeni ili kioo kisigusane na kitambaa, maana nguo iliyobanwa na kioo hutoa jasho na kuota ukungu. Polepole. Kona zisubiri.

Kiwiko cha kushoto kilikuwa na kiraka. Nilipokigeuza nikakuta kimeshonwa kwa uzi wa kusukia nywele, mishono midogo iliyopangwa kama mistari kichwani. Kisha nikapita pembeni, sikukitoboa.

Alhamisi Mama Furaha akaja kuangalia kazi. Koti lilikuwa limeshashonwa kwenye kadi, bado kioo tu. Hakuwa amekaa sana mlango ukasukumwa, akaingia mwanamume mrefu aliyevaa koti kama lile lililokuwa mezani, mistari ileile, nembo ileile. Papa Déo. Alikuwa amepita saluni wakamwelekeza.

Alinisalimu vizuri, akamsalimu mjane, akaliona koti. Hakusogea.

“Mama Furaha, unisamehe,” akasema. “Nimetumwa.”

“Najua umetumwa. Siku ya jeneza nani alikutuma?”

“Hakuna.”

“Basi ule wa siku ile ndiye ninamujua.”

Papa Déo akavua kofia. Akaeleza, akinitazama mimi kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi, kwamba ameshaulizwa mara mbili, na kwamba lisiporudi watamwandika yeye kuwa ndiye aliyelipoteza, na wanaoandikwa huondolewa zamu. Ana watoto. Alisema hivyo bila kulalamika, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. Nikamwonea huruma, na nikakasirika kwa kumwonea huruma.

Macho yake yakapata pa kukimbilia, kwenye picha ya Luz.

“Hii ni nini, Papa?”

Vijana wangu, nilikuwa na Roma nzima mdomoni. Nilikuwa na Kilatini. Nikavimeza vyote.

“Watu waliokufa kazini,” nikasema.

“Wanapelekwa wapi?”

“Kuvuliwa.”

Akaisogelea. Akainama mpaka karibu na karatasi, mikono akaifunga nyuma kama walinzi wanavyofanya wakizungukia magari.

“Hawa wenye kushika kamba, hawa ndio wabaya?”

“Wametumwa.”

“Na mwenye aliwatuma?”

“Mtafute.”

Akatafuta. Alianza kushoto kwa wanaosukumana, akapita katikati, akaingia gizani kwa mzee mwenye taa, akafika kwa mwanamke, akarudi tena kushoto. Nilimwona anavyorudia, kidole hewani, kama mtu anayekagua uzio.

“Haiko,” akasema.

“Hakuchorwa,” nikasema.

Nilikuwa nimeitazama picha ile kwa wiki nzima, na kabla yake kitabuni, na sikuwa nimeligundua hilo mpaka liliponitoka mdomoni. Anayemiliki uwanja hayumo. Amewaachia wengine chumba cha chini.

Mama Furaha alikuwa ameshainuka. Kwenye meza yangu kuna kile kisu kidogo chenye ulimi wa kufumulia nyuzi. Mkitafute, kina mpini mwekundu. Akakichukua, akamwekea Papa Déo kiganjani.

“Ukitaka, chukua,” akasema. “Mimi sitakuzuia. Lakini utafumua wewe, mushono kwa mushono, na mimi nitakuwa naangalia.”

Papa Déo akakitazama kile kisu. Akaliangalia koti, akaona kiraka cha kiwiko. Nadhani alikijua, walikuwa wamesimama geti moja. Kisha akakirudisha mezani, taratibu, kikalala sambamba na rula. Akafungua zipu ya koti lake mwenyewe, akatoa simu na funguo mifukoni, akalivua, akalikunja kwa adabu, mikono ndani, kola juu. Akauokota mfuko wa plastiki wa Mama Furaha na kulitumbukiza humo.

“Kampuni inataka koti moja,” akasema. “Haikusema la nani.”

“Na wewe?” akauliza Mama Furaha. “Hii baridi itakuua.”

“Langu liliibiwa.”

“Liliibiwa wapi?”

“Johannesburg,” akasema. “Nani atabisha?”

Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia mjane yule akicheka tangu msiba. Kilikuwa kicheko kifupi, kama chafya, akakifuta na kitenge.

Papa Déo akatoka na shati la mikono mirefu. Nje kulikuwa na upepo ule wa Julai unaopita kati ya maghorofa kama umeajiriwa. Robot, kama huku wanavyoziita taa za barabarani, ilikuwa nyekundu. Nilimwona akisubiri pamoja na wanafunzi wa chuo waliovaa makoti manene, mfuko kwapani, bila kukunja mikono. Ikageuka kijani akavuka.

Koti likakaa sebuleni kwa Mama Furaha, nyuma ya kioo, majira yote ya baridi. Luz naye akachukua picha yake. Nilipoipeleka nilikuta piano imeshasogezwa, imeziba nusu ya mlango wa jikoni, na yeye anapita kwa ubavu bila manung'uniko.

Joto liliporudi, Mama Furaha akanipigia simu niende kwake na vifaa. Ilikuwa siku ya kutosha matanga. Sebule ilijaa wazee wa Bukavu kwenye viti vya kuazima, na nguo za marehemu zilikuwa kwenye mkeka, zimekunjwa. Akaniomba nilishushe koti na kulifungua.

Nikapiga magoti. Nikaondoa kibandiko cha nyuma, nikatoa kioo, nikafumua. Kila uzi ulitoka nilipouvuta. Nikaitoa karatasi mikononi na kifuani, nikaliinua: lilikuwa kama lilivyoingia mlangoni kwangu, kiraka na yote.

Mjane akagawa. Viatu kwa mdogo wa marehemu, suti kwa shemeji. Kisha akalichukua koti, akapita kati ya viti mpaka nyuma, alipokuwa amekaa Papa Déo ndani ya sweta aliyopitishia baridi yote.

“Muone wote,” akasema. “Mimi sikukataa kutoa. Nilikataa kunyang'anywa.”

Papa Déo akasimama akalivaa. Mikono ilikuwa mifupi kidogo. Jumatatu yake alirudi nalo getini, na kampuni, nilivyosikia, ilifurahi kwamba lake limepatikana.

Nilipokuwa nakusanya vifaa nikamuuliza Mama Furaha kama niichukue fremu, niiwekee picha ya mumewe. Akasema hapana, nirudishe kioo na niitundike ilivyo. Ndani ilikuwa na kadi nyeupe tu. Nikaitundika. Niliporudi nyuma kuangalia kama imenyooka, mwanga wa dirishani ukaipiga kwa ubavu, nikayaona matundu ya sindano: mabega, mikono miwili, kola, na kwenye kiwiko cha kushoto pengo mahali nilipokwepa kiraka. Alikuwamo mzima.

Bado imetundikwa. Niliiona jana sebuleni kwake, nilipompeleka mke wangu kusukwa.

Kwa hiyo irudisheni ile chupa ya gundi dukani. Sindano ziko kwenye droo ya kushoto, ya chini, ile inayokwama. Ivuteni kwa nguvu.